Upande wa Pili wa Uzi

14 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwaka jana kimeaga bila kuacha ahadi ya kurudi. Mimi sijambo. Nimehama chumba. Kule nilikokuwa maji yalipanda ghorofani yalipojisikia tu, hapa niko chini, nina dirisha linalotazama ukuta, na mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu ambaye badala ya kunisalimia huniuliza, "Umemaliza kazi yako?" Nisalimie Chiriku. Mwambie binamu yake hajamsahau, ila nikimpigia simu anaongea yeye mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Wewe najua simu hutaki, sikio la kushoto linakupa nusu ya maneno na nusu unajitungia. Ndiyo maana naandika.

Uliwahi kuniuliza tunafanya nini humu ndani na makoti yetu meupe. Nitajaribu kusema bila kujitia uprofesa. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Zimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, na kila herufi ina mwenzake anayemkabili ng'ambo: A na T, C na G. Ukiujua upande mmoja umeujua wa pili. Herufi husomwa tatu tatu, kila tatu ni neno, na maneno hayo ndiyo yanayouambia mwili ujenge nini.

Kwa miaka mingi watu walisoma upande mmoja, wakauona wa pili kama kivuli chake. Mkuu wetu wa maabara, tunayemwita Bi Miwani kwa kuwa ana moja machoni na nyingine kichwani na bado anatafuta ya tatu, haamini hivyo. Yeye anasema uhai ulipoanza uzi ulikuwa mfupi mno, hapakuwa na nafasi ya kuchezea, kwa hiyo pande zote mbili zilisomwa, kila mmoja na maana yake, na lugha yenyewe ya herufi tatu ikajipanga kwa kufuata hali hiyo. Wako wanaombishia. Lakini sehemu ambazo pande zote mbili zinasema kitu zipo mpaka leo, hata ndani yetu sisi, na kazi yangu ni kuzitafuta.

Sasa Mjomba, nina swali, na naomba usinikasirikie. Bibi, mama yenu, miaka yake ya mwisho alikuwa anatembeaje? Alifariki kabla sijazaliwa. Nakumbuka mama akiponyokwa na neno, kwamba siku moja Bibi alikaa mlangoni anatafuta kiatu kwa kupapasa, na kiatu kiko mbele yake. Au labda nimeota. Nauliza tu.

Mpwa wako

---

3 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, moja ya mwaka mpya uliyoisahau. Kikohozi kimehamia kwa jirani, na kwa jinsi anavyopiga redio yake simwonei huruma.

Habari kubwa ni ya Chiriku. Ana mimba, miezi miwili na ushee. Mumewe, yule fundi umeme, tangu aambiwe anatembea kama aliyepigwa shoti. Chiriku mwenyewe ameanza kuniamuru: baba usipande ngazi, baba kula, baba lala. Mtoto hajazaliwa na mimi nimeshageuzwa mtoto.

Kazi ipo. Sasa hivi naandika kioo cha duka la dawa. Kioo huandikwa kwa ndani, kinyumenyume, ili aliye nje asome sawasawa. Kwa hiyo hayo ya kusoma pande mbili, binti, mimi nimeyafanya miaka thelathini na hakuna aliyenipa koti jeupe. Mwambie Bi Miwani kama anahitaji fundi niko.

Umeniuliza juu ya Bibi yako. Bibi yako aliteleza bafuni. Watu wazima huteleza, sakafu zina maji. Kabla ya hapo alitembea kama watu wote, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma yake. Kiatu sikijui.

Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Wakubwa hawakusema hivyo kwa kukosa la kusema. Mama yako naye amepumzika, mwache apumzike. Ukitaka habari za zamani nitakusimulia jinsi alivyonisukuma kwenye mtaro nikiwa na nguo mpya ya shule, hiyo ni historia ya kweli na kovu ninalo.

Andika. Na ule, najua nyie watu wa maabara mnakula mkate mmesimama.

Mjomba wako

---

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hongera nyingi kwa Chiriku. Barua niliisoma kwenye ngazi za posta, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Halafu nikafika kwenye habari za mimba mara ya pili, nikaacha kucheka.

Nilijaribu kusubiri. Siwezi.

Mama alipolazwa mara ya mwisho alitia sahihi kwamba damu yake itunzwe kwa utafiti. Mwezi uliopita niliomba ruhusa kama mtoto wake, nikapewa, na Bi Miwani akaketi nami tulipoisoma. Unakumbuka karatasi tuliyopewa wakati ule: "Hakuna kasoro iliyoonekana." Daktari hakudanganya. Mashine yake ilisoma upande mmoja.

Nifuate hapa polepole, wewe ni mtu wa herufi. Kuna mahali kwenye uzi wa juu watu wana neno TCG. Mama ana TCA. Maneno hayo yana maana moja, kama kusema "daima" na kusema "siku zote". Ndiyo maana mashine ikapita bila kushtuka. Lakini upande wa pili husomwa kwa kurudi nyuma. TCG, ukiandika wenzake wa ng'ambo na kuwasoma kinyume, inakuwa CGA, neno la kawaida linaloleta tofali moja na ujenzi unaendelea. TCA inakuwa TGA. Na TGA haileti tofali. TGA ni nukta. Inasema: ishia hapa.

Kwa hiyo kuna kitu ambacho mwili wa mama ulipaswa kukijenga mpaka mwisho, na kwenye nakala moja ya uzi kati ya mbili alizorithi kwa wazazi wake kikawa kinaachwa katikati. Kitu hicho kinahitajika kwenye ubongo wa nyuma, pale panapotushikilia tusimame wima, tushike kikombe, tumeze mate. Kinatosha kwa miaka mingi. Halafu hakitoshi.

Mama alikuwa na miaka arobaini na sita alipoanza kuvunja vikombe. Mimi nilimcheka, Mjomba. Nilimwambia, "Mama, utatumaliza vyombo." Naye akacheka na mimi. Sasa najiuliza alikuwa anacheka nini.

Mtoto wa mwenye hali hii anaweza kuipata au kuikosa, ni kama kurusha sarafu. Kama Bibi alikuwa nayo, basi sarafu ilirushwa kwa mama, na ilirushwa kwako. Na kama ni kwako, basi na kwa Chiriku, na kwa huyo aliyemo tumboni.

Nimeweka kichupa ndani ya bahasha. Ni mate tu, unatema mpaka kwenye mstari, unafunga. Chiriku sijamwandikia neno. Taratibu za kazi haziniruhusu, na hata zingeniruhusu, baba yake ni wewe.

Mpwa wako

---

30 Machi

Mpwa wangu,

Tuko salama.

Kichupa kimefika. Nimekiweka juu ya kabati na huko ndiko kitakaa. Daktari aliandika hakuna kasoro na karatasi hiyo ninayo, ina muhuri. Leo nyie mnakuja kusema kuna nukta upande wa pili. Kesho mtasema kuna upande wa tatu.

Chiriku anatapika kila asubuhi na kila mchana anacheka. Acha acheke. Ukimwandikia neno moja juu ya jambo hili, mimi si mjomba wako tena, na sitanii.

Samahani kwa mwandiko, meza inayumba.

Mjomba wako

---

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sitamwandikia Chiriku. Nakuahidi, na ahadi yangu ipo.

Lakini meza yako naijua. Nilifanyia hesabu za shule juu yake, na wewe mwenyewe uliifunga ukutani kwa bolti nne ili mkono usitikisike ukiandika herufi ndogo. Meza hiyo haiyumbi.

Sikulaumu. Nataka ujue tu kwamba nimeiona barua yako, jinsi herufi m zinavyopanda na kushuka, na nimeilinganisha na ya Februari. Kisha nimeirudisha kwenye bahasha kwa sababu nilikuwa siwezi kuendelea kuitazama.

Juzi nilidondosha trei ya vichupa vya kioo. Vyote, arobaini na nane. Mzee anayetunza majokofu yetu ya sampuli alikuja na ufagio, akaniambia, "Ni bahati mbaya tu, binti, trei zenyewe zinateleza." Nikashukuru. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikasimama kwa mguu mmoja nikafumba macho na kuhesabu. Nilifika ishirini na tatu. Sijui kama ishirini na tatu ni nyingi au ni chache. Nikarudia. Kumi na nne.

Kila mwenye woga ana kazi yake ya kujipima. Yako ni ipi? Huna haja ya kutema mate popote, niambie hilo tu. Unaogopa?

Mpwa wako

---

17 Juni

Mpwa wangu,

Anayeshika kalamu ni Chiriku, anayesema ni mimi. Kwa hiyo ukiona umbea ndani ya barua hii ujue si wangu.

(Dada, ni mimi. Ameniambia niandike kila anachosema, na nitaandika hata asichotaka.)

Nilianguka. Nilikuwa kwenye ngazi mbele ya duka la dawa, namalizia ubao wa juu. Ngazi ilikuwa nzima, ukuta ulikuwa mzima. Mguu ulitaka kukanyaga kipandio na ukakanyaga hewa. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kiwiko na uko kwenye plasta. Ndiyo sababu ya ukimya wangu, sehemu yake.

(Sehemu nyingine ni kiburi.)

Nilipokuwa hospitali Chiriku alikuja nyumbani kuchukua nguo zangu. Akafungua kabati. Mtu ameambiwa achukue shati, yeye akachukua barua zako zote tatu, na kichupa kilichokuwa juu ya kabati. Akaja kando ya kitanda changu, hakusalimu. Akaniuliza, "Baba, hii ni nini?"

Nikasema, "Kichupa."

"Nimeuliza barua."

Nikasema ni mambo ya kazi ya dada yako. Akasema, "Baba, mimi nina mtu ndani yangu. Nisomee mwenyewe au nimsomee nesi kwa sauti." Nikamwambia asome kimya. Akasoma akiwa amesimama. Alipomaliza akakaa chini sakafuni, na tumbo lake lile, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akasogea apate kumpa nafasi.

(Sikulia. Naandika hapa kwamba sikulia. Nililia baadaye, kwenye maegesho.)

Sasa nisikilize, maana nitasema hili mara moja. Bibi yako hakuteleza bafuni. Bibi yako alianza na sindano. Alikuwa mshonaji, akawa hawezi kutunga uzi, akasema ni macho. Kisha akawa anashika ukuta. Kisha akawa anapaliwa na maji. Miaka minne yote mama yako na mimi ndio tuliomlisha, kijiko kwa kijiko, na watu walipouliza kwa nini anatembea hivyo tulisema ana kizunguzungu, maana mtaani walishaanza kusema analewa. Alipofariki, mama yako alinishika mkono jikoni akaniambia, "Tuseme aliteleza. Tukisema lingine hakuna atakayenioa, wala atakayekupa mke." Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nikakubali. Mama yako akaolewa, nami nikaoa, na tukawa hatulisemi hata tukiwa wawili. Vikombe vilipoanza kuvunjika kwake alinitazama mara moja tu, juu ya kichwa chako, wewe ukiwa unafagia vipande. Mara moja. Tukaendelea na mazungumzo.

Umeniuliza kazi yangu ya kujipima. Kila asubuhi kabla ya chai nachukua gazeti la jana na brashi namba mbili, nachora mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Miaka miwili sasa. Nayachoma magazeti hayo.

Ndiyo. Naogopa. Naogopa mpaka kula nakula kwa kuangalia mkono.

(Dada, hapa ni mimi peke yangu, yeye amegeukia ukutani. Kichupa kimoja tunacho, ni chake; nataka cha pili, changu. Fundi umeme wangu nimemweleza yote. Akaniuliza kama nina njaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nyumba hii imeficha ya kutosha. Usinibembeleze. Leta.)

Mjomba wako, na Chiriku

---

26 Juni

Mjomba, na Chiriku,

Shikamoo Mjomba. Chiriku, mdogo wangu, nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa nimefungwa na ahadi na bado nilijiona mwizi.

Vichupa havitapita kwangu. Bi Miwani amezungumza na daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali iliyo karibu nanyi. Huyo ndiye atakayechukua mate, kuyatuma, na kuwapa majibu ana kwa ana. Hakuna anayepaswa kusoma jibu kama hili kwenye barua, na mimi sipaswi kuliona kabla yenu. Mtaulizwa mara mbili kama mnataka kujua kweli. Mna haki ya kusema hapana hata mlangoni. Ni lazima niwaambie pia kwamba dawa bado haipo. Yapo mazoezi, ipo mikongojo ya namna yake, wapo watu wanaotafuta. Basi.

Kilichoandikwa juu ya sindano ya Bibi nimekisoma mara nyingi. Ahsante. Hamjui mmenipa nini.

Mpwa wako

---

24 Julai

Profesa,

Plasta imetoka, naandika mwenyewe. Usihangaike na sura ya herufi, soma tu.

Tulikwenda Jumanne. Chiriku, mumewe na mimi. Kwenye benchi la kusubiri fundi umeme alihesabu taa za ukumbi na kutuambia tatu zimefungwa vibaya. Hakuna aliyemjibu, akazihesabu tena.

Daktari ni mwanamke mdogo, pengine rika lako, kalamu imemvujia mfukoni na hajui. Alituuliza kama tunataka kuingia mmoja mmoja. Chiriku akasema, "Tumeingia kwenye jambo hili pamoja, tutatoka pamoja." Tukakaa. Daktari akauliza anaanza na nani.

Nikasema, "Anza na yeye."

Akafungua karatasi. Mpwa wangu, nimevuka mengi, lakini umbali kati ya kufungua karatasi ile na mdomo wa daktari kufunguka sijawahi kuona urefu wa namna hiyo. Nilisikia feni. Nilisikia viatu vya mtu nje. Akasema, "Huna. Pande zote mbili ziko sawa. Na kwa kuwa wewe huna, mtoto wako hawezi kuirithi kwako."

Chiriku akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Mumewe aliinama akaweka paji la uso kwenye meza ya daktari, juu ya mafaili. Mimi nikasimama, nikachukua kofia, nikamshukuru daktari, nikaelekea mlangoni. Akaniita, "Mzee, kaa. Bado wewe."

Nikamwambia, "Mimi najua, mwanangu. Nilikuja kwa ajili ya huyu."

Akanikalisha, akanisomea. Ninayo. Alinieleza kwa utulivu, alinitembeza juu ya mstari wa vigae, akaniambia niguse pua kwa kidole. Chiriku alinishika kiganja wakati wote, na kwa mara ya kwanza sikujitahidi kukituliza. Kikatetemeka mkononi mwake. Hakukiachia.

Usiku wa kwanza sikuogopa kabisa, kwa furaha ya huyo binti. Siku ya pili woga ukarudi na mizigo yake yote. Naogopa kupaliwa. Naogopa watoto wa mtaani wanaoiga watu wanavyotembea. Nimewapa wateja wangu majina ya mafundi wengine, nikisema ni mkono uliovunjika. Halafu jana nilimfuata mwenye duka la dawa nikamwambia ukweli, yeye tu. Akanivutia kiti.

Sasa nina swali, na usinikasirikie. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma kwa zamu. Umeandika habari za Bibi, za mama, zangu, za Chiriku, za mtoto ambaye hana hata jina. Umerusha sarafu ya kila mtu. Yako sikuiona. Mtoto wa mama yako ni nani kama si wewe?

Mjomba wako

---

3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Ulipoandika kwamba Chiriku hana, nilikwenda kumwambia Bi Miwani, na alinikumbatia mbele ya watu wote, miwani zote mbili zikaanguka. Nilifurahi. Nataka uamini kwamba nilifurahi kwa moyo wote kabla sijafika kwenye swali lako.

Sikuanza na damu ya mama. Mwezi wa kwanza, kabla ya kuwasomea watu upande wa pili, tulitaka kujua kama njia yetu inafanya kazi. Kila mfanyakazi akatia mate yake, ni kawaida yetu, tunaanza na walio wazima. Sampuli zilikuwa sita. Tano zilipita. Ya sita, katikati ya uzi, ikatoa TGA. Tulidhani mashine imekosea, tukarudia, tena mara ya tatu. Ilikuwa yangu. Hiyo ilikuwa tarehe tisa Januari. Barua ya kwanza nilikuandikia tarehe kumi na nne.

Kwa hiyo nilipokuuliza Bibi alikuwa anatembeaje, sikuwa naulizia utafiti. Nilikuwa natafuta mtu mmoja duniani aniambie kwamba Bibi alitembea kama watu wote. Ukaniambia. Nikaishika sentensi hiyo siku nne nzima, Mjomba, nikijua ni uongo, kama mtu anavyoshika kikombe kilichopoa.

Nina miaka thelathini na tatu. Mama alianza na arobaini na sita. Nimeshafanya hesabu hiyo kwa kila namna na jibu ni lile lile. Bi Miwani ndiye pekee anayejua. Aliniuliza kama nataka kuhamishiwa kazi nyingine. Nilikataa, ila zipo siku nakaa mbele ya herufi hizo nne na mwili mzima unapata baridi. Wenzangu wanazungumza jinsi lugha hii ilivyo ya kale, jinsi pande mbili zilivyoweza kubana maana mbili mahali pamoja tangu dunia haina hata jani, na ni kweli, ni ajabu. Mimi nageuza uso. Uzuri ule ule ndio umenishika kooni.

Kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa. Nilimwacha Februari bila kumpa sababu. Nimefanya vile vile mlivyofanya nyinyi jikoni, ila mimi nimefanya peke yangu.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungeacha kuogopa habari zako na kuanza kuogopa zangu. Na kwa sababu ningeliandika lingekuwa kweli.

Nina likizo ya wiki tatu. Sijui niitumie wapi.

Mpwa wako

---

12 Agosti

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sitakuita Profesa leo.

Sina maneno ya kukuondolea woga. Yangeweza kupatikana, ningekuwa nimeshayatumia mwenyewe. Nilikudanganya mara moja juu ya Bibi yako na hilo litanikaa. Sasa sikiliza la kweli. Mama yako na mimi tuliogopa miaka thelathini kila mtu chumbani kwake, na hilo lilituumiza kuliko miguu. Mimi na wewe hatutafanya hivyo. Tutaogopa kwenye meza moja, na Chiriku akituandalia chai na kutukemea.

Huyo uliyemwacha bila sababu, mpe sababu. Akikimbia, amekimbia ukweli. Fundi umeme hakukimbia.

Likizo unaitumia huku. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, mistari si sawa na sikurekebisha. Panda basi la Jumamosi linalofika saa nne asubuhi. Nitakuja mwenyewe kukupokea, nimemkataza mtu yeyote kuja badala yangu. Ukishuka na usiponiona, usianze kutembea wala usidhani nimesahau. Natembea polepole siku hizi, na kona ya soko huwa inanitaka nisimame mara mbili. Kaa pale pale na begi lako, uningoje.

Nakuja.

Mjomba wako